Mbegu Hazijafa, Mikia Ndiyo Yenye Tatizo

Wanaume wengi wakikabidhiwa karatasi ya majibu ya kipimo cha mbegu, jicho linakimbilia mstari mmoja tu: mamilioni mangapi. Wakikuta namba kubwa wanashusha pumzi, wanaikunja karatasi na kurudi nyumbani kumwambia mke, "Mimi niko sawa, tatizo liko kwako." Nimefanya kazi ya maabara hapa Tanga miaka mingi, na jambo hili linaniuma. Namba ni mwanzo tu wa habari. Mbegu za mtu zinaweza kuwa nyingi, zikawa hai, kila kichwa kimebeba urithi wa baba, na bado zisifike popote kwa sababu mikia haikujengeka sawasawa. Na mikia isipojengeka, mara nyingi chanzo ni jeni alizozaliwa nazo. Si uchawi, si dhambi za ujana, wala si mkewe.

Alikuja kaka mmoja, mtu mpole wa maneno machache. Mambo yake nimeyabadilisha ili asitambulike, na ameniruhusu niandike. Mkononi alikuwa na karatasi ya maabara nyingine, mstari mmoja wa kalamu: mbegu zote zimekufa. Aliishi na karatasi ile kwa miaka. Kwa ajili yake alikunywa alkasusu chupa kwa chupa, akatafuna mkuyati, akanunua vumbi la Kongo kwa mchuuzi mnadani, akafika hadi kwa mganga aliyemwambia amefungwa na jamaa wa upande wa mama. Hakuna kilichobadilika, kwa kuwa nguvu za kiume hazikuwa tatizo lake hata siku moja. Hapa watu wetu wanachanganya sana. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote chumbani na asizae, na mwenzake aliyeishiwa nguvu akawa na mbegu nzuri kabisa.

Nilimuuliza habari za ukoo. Kaka yake mkubwa ameoa mara mbili na hana mtoto. Mama yao na baba yao ni watoto wa ndugu wawili, yaani baba alimwoa binti wa ami yake, jambo la kawaida huku pwani na lenye heshima zake. Alishangaa kuulizwa. Muda wote ule aliohangaika, hakuna aliyewahi kumuuliza habari za kaka yake.

Sampuli aliileta kwa utaratibu, na naomba wasomaji wa kiume mlishike hili. Jizuie tendo kwa siku kati ya mbili na saba. Tumia kikopo safi cha maabara. Kopo la mafuta lililooshwa kwa sabuni halifai, na kondomu ya dukani haifai kabisa kwa sababu dawa na mafuta yake huziumiza mbegu. Usipoteze tone la kwanza. Ukichukulia nyumbani, kiweke kikopo karibu na mwili, kwapani au ndani ya shati, na kifike maabara ndani ya saa moja. Nimeona majibu mabaya mengi ambayo ubaya wake ulikuwa ni mwendo wa daladala na foleni ya dirishani.

Manii yalipoyeyuka nikaweka tone dogo kwenye slaidi, kava slipu juu, lenzi ya 40. Sampuli nzuri ukiitazama hapo uwanja wote unachemka. Jicho linashindwa lifuate ipi. Uwanja wa huyu kaka ulikuwa umetulia. Mbegu zilikuwapo, tena zimevuka kiwango cha chini cha milioni 16 kwa mililita kilichomo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021. Mwongozo huohuo unataka angalau asilimia 30 ziwe zinasonga mbele. Zake hazikusonga. Hapa na pale kichwa kilitikisika palepale kilipo, basi.

Nikatengeneza slaidi nyingine, nikaikausha, nikaitia rangi, nikaiangalia kwa lenzi ya 100 na mafuta. Mkia wa kawaida una urefu wa maikromita 45 hivi, karibu mara kumi ya kichwa, na huwa mwembamba sawasawa hadi nchani. Kwenye slaidi hii kichwa cha kwanza kilikuwa na kisiki tu cha mkia. Cha pili mkia wake umejiviringa ukarudi shingoni. Cha tatu umepinda kwa pembe kali. Kulikuwa na mikia iliyonenepa sehemu moja na kukonda sehemu nyingine, na vichwa visivyo na mkia wowote. Yote hayo kwa mtu mmoja, kwenye slaidi moja. Mchanganyiko wa namna hiyo haufanani na sampuli iliyopigwa baridi, wala na sampuli ya mtu mwenye maambukizi, ambapo unakuta usaha na mbegu zilizochoka lakini zenye mikia kamili. Tulirudia kipimo baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu huchukua siku 74 hivi tangu seli mama hadi kukamilika. Picha ikawa ileile.

Kabla ya kuandika neno lolote kuhusu kufa, kuna kipimo cha bei ndogo sana ambacho kila maabara ingeweza kukifanya: eosini. Ni rangi nyekundu. Mbegu iliyokufa ngozi yake imetoboka, hivyo rangi inaingia na kichwa kinakuwa cha waridi. Mbegu hai inaizuia rangi nje, kichwa kinabaki cheupe. Vichwa vyake vingi vilibaki vyeupe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wazi kwamba ukikuta mbegu nyingi zilizo hai lakini hazitembei, fikiria kasoro ya maumbile ya mkia. Kutotembea na kufa ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kwenye karatasi ya majibu ni kumhukumu mtu.

"Dokta, niambie ukweli," aliniambia, macho yapo kwenye viatu vyake. "Zimekufa?"

"Hazijafa, kaka yangu. Zipo hai. Mikia ndiyo yenye tatizo."

Alinyamaza kwa muda, kisha akaomba aone mwenyewe. Nikampisha kitini. Nikasogeza lenzi taratibu, nikimwonyesha kichwa kimoja baada ya kingine, hiki cheupe, na hiki, na hiki.

Sasa niingie kwenye mkia wenyewe, kwa sababu hapa ndipo ninapoweza kukaa siku nzima. Ndani yake mna uti uitwao aksonema. Ukiukata mkia kwa upana na kuutazama kwa hadubini ya elektroni unakuta jozi tisa za mirija midogo zimejipanga duara, na mirija miwili imesimama katikati. Nje yake kuna nyuzi nene tisa na ala inayozifunika, na sehemu ya mwanzo ya mkia imezungushiwa mitokondria zinazotoa nishati. Kila jozi ya mirija ina mikono ya protini iitwayo dainini, mkono wa nje na mkono wa ndani. Jina dainini lilitolewa mwaka 1965 na Ian Gibbons na mwenzake. Wasomaji wa pwani mtaelewa kazi yake mara moja: ni ile ya wavuta juya ufukweni. Miguu imekita mchangani, mikono inashika kamba, inavuta, inaachia, inashika mbele zaidi. Dainini imekita kwenye jozi moja ya mirija na inaivuta jozi ya jirani. Upande mmoja wa mkia ukivuta, mkia unapinda huku; upande wa pili ukipokea, unapinda kule. Hivyo ndivyo mbegu inavyosafiri.

Kila protini katika uti huo ina jeni yake, na protini zenyewe ni mamia. Mbegu haianzi na mkia. Ndani ya korodani huanza kama seli ya duara, kisha katika hatua ya mwisho mkia unaota na kurefuka, protini zikipelekwa mahali pake moja baada ya nyingine. Protini moja ya msingi ikikosekana, jengo linaweza kuyumba lote. Ndiyo maana kwa mtu mmoja unakuta visiki, mikunjo na mipindo pamoja: ni ujenzi uleule ulioshindikana kwa njia mbalimbali.

Mmoja wa watu wa kwanza kuonyesha vizuri kwamba utasa wa mwanamume unaweza kutoka ndani ya uti wa mkia ni Björn Afzelius wa Sweden. Mwaka 1976 aliandika juu ya wanaume ambao mbegu zao hazikuogelea kwa sababu mikono ya dainini haikuwapo. Wanaume wale walikuwa pia na vifua visivyopona na pua zilizoziba, kwa kuwa vijinywele vinavyosafisha njia ya hewa vina uti uleule wa tisa na mbili. Wengine moyo wao ulikuwa upande wa kulia. Kwa hiyo nilimuuliza yule kaka: unakohoa mara kwa mara tangu utoto? Masikio yalikuwa yakitoa usaha? Hapana. Kifua kizima, moyo upo kushoto. Kasoro yake ilikuwa kwenye mkia wa mbegu tu.

Kuna jeni zinazofanya hivyo hasa. Mwaka 2014 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, akiwamo Mariem Ben Khelifa na Pierre Ray, walichapisha uchunguzi wa wanaume 20 wenye asili ya Afrika Kaskazini, mbegu zao zikiwa na mchanganyiko uleule wa mikia mifupi, iliyojikunja, iliyopinda, isiyolingana au isiyokuwapo. Wanaume hao walitoka familia 18, na katika 5 kati ya hizo walikuta hitilafu kwenye nakala zote mbili za jeni iitwayo DNAH1. Jeni hiyo ndiyo inayotoa maelekezo ya kutengeneza kipande kikubwa cha dainini ya mkono wa ndani. Walipokata mkia na kuutazama, mikono ya ndani haikuwapo na mirija ilikuwa imehama mahali pake. Kwa hiyo dainini ile, mbali na kuvuta, inasaidia pia kulishika jengo lisianguke. Na wanaume wale hawakuwa na shida ya kifua. Ingawa DNAH1 inafanya kazi pia kwenye seli nyingine zenye vijinywele, inaonekana huko si ya lazima kama ilivyo kwenye mkia wa mbegu.

Neno "nakala zote mbili" ndilo la kulishika. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hizi, moja ya mama na moja ya baba. Ukiwa na nakala moja mbovu na moja nzima, mkia unajengeka na unazaa. Tatizo linakuja ukipokea mbovu kutoka pande zote mbili. Wazazi waliotoka babu mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba hitilafu ileile bila kujua, na ikiwa wote wawili wanayo, kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuzipata mbili. Nayasema haya bila kuwanyooshea kidole wazee wetu. Ndoa za binti ami zimeshika koo za pwani, Oman na Somalia kwa vizazi, na wengi mno waliozaliwa humo ni wazima. Lakini ndugu wawili wa tumbo moja wakikosa watoto, swali la ukoo liulizwe hospitali kabla halijapelekwa kwa mganga.

Sasa nifike kwenye utafiti ulionifanya nikae nao usiku kucha. Mwaka 2018 timu hiyohiyo ya Grenoble, Charles Coutton akiwa mbele, ilisoma jeni za wanaume 78 wenye mikia ya namna hii. Katika 22 walipata chanzo: 6 walikuwa na hitilafu ya DNAH1, 10 ya CFAP43, na 6 ya CFAP44. Wakatengeneza panya wasio na CFAP43 au CFAP44. Madume yakawa tasa, mikia yake imeharibika. Lakini protini zinazotokana na jeni hizi mbili zinakaa wapi hasa ndani ya uti? Ili kujua, walikwenda kumtazama kiumbe ambaye mtu wa Tanga, Serengeti au Busoga ya Uganda anamjua vizuri kuliko mtu wa Grenoble: Trypanosoma brucei, kijidudu cha malale kwa watu na nagana kwa mifugo, anayebebwa na mbung'o.

Nilipokuwa mwanafunzi tulipelekwa kwenye taasisi ya utafiti wa mbung'o hapa Tanga. Tuliwekewa tone la damu ya ng'ombe, na kati ya seli nyekundu kulikuwa na kitu chembamba kinachojinyonganyonga, kikizisukuma seli huku na huku kwa mjeledi wake. Mwalimu akatuambia tuangalie seli nyekundu kwanza, maana zikitikisika bila upepo ujue yumo. Mjeledi ule una uti wa jozi tisa na mirija miwili katikati. Uleule. Watafiti wa 2018 walionyesha kwamba ndani ya tripanosoma protini hizi mbili hukaa sehemu moja mahususi, kati ya jozi ya tano na ya sita na ule ufito unaoambatana na mjeledi wake. Tangu kijidudu cha seli moja hadi binadamu, protini ni za jamii moja na kazi ni moja: bila hizo hakuna mjeledi unaofanya kazi.

Tufikirie hilo kwa makini. Kijidudu huyu ndiye aliyeua zaidi ya watu 200,000 Busoga na kandokando ya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya 20, ndiye aliyezuia ufugaji kwenye mapori yetu. Jenomu yake, yaani urithi wake wote, iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2005, aina iliyotumika ilikuwa imetoka kwa mbung'o aliyekamatwa Kiboko, Kenya, mwaka 1970. Elimu iliyokusanywa kwa ajili ya kumpiga vita ndiyo inayomsaidia leo daktari wa Ufaransa kumweleza mwanamume wa Tunisia kwa nini hana mtoto. Mimi naiona hiyo kuwa habari yetu pia, watu wa nchi za mbung'o.

Na hapa Tanga tuna habari nyingine ya utasa wa madume ambayo vijana wengi hawaijui. Kati ya 1994 na 1997, mamilioni ya mbung'o madume waliofugwa hapa walipigwa mionzi wakawa tasa, wakapakiwa kwenye ndege ndogo na kumwagwa juu ya Unguja, kazi iliyoungwa mkono na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Majike wa porini waliopandwa na madume hao hawakuzaa, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o tena. Tofauti yao na yule kaka ndiyo inayonifundisha mimi kazi yangu. Mbegu za mbung'o wale zilikuwa na mikia mizuri, ziliogelea, zikalifikia yai. Kilichovunjwa na mionzi ni urithi uliomo kichwani. Kwa mtu mwenye hitilafu ya DNAH1 au CFAP43 mambo ni kinyume. Urithi uliomo kichwani mara nyingi uko vizuri. Kinachokosekana ni usafiri.

Na usafiri unaweza kutolewa kwa njia nyingine. Mwaka 1992, Gianpiero Palermo na wenzake huko Brussels walitangaza mimba za kwanza zilizopatikana kwa kuchukua mbegu moja kwa sindano nyembamba ya kioo na kuiingiza moja kwa moja ndani ya yai. Kliniki za Dar es Salaam na Nairobi wanaiita kwa kifupi chake, ICSI. Wengi hawajui kwamba hata mbegu inayoogelea vizuri, mtaalamu huibana mkia kwanza kwa ncha ya sindano mpaka itulie, ndipo aichukue. Kwenye meza ile mkia hauhitajiki. Kinachohitajika ni mbegu hai, na ndiyo maana nasisitiza kile kipimo cha eosini. Mtu aliyeandikiwa "zimekufa" hatafuti kliniki. Anakata tamaa nyumbani. Wanaume wenye hitilafu ya DNAH1 wameshapata watoto kwa njia hii, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikuwa ya kutia moyo. Si jeni zote zilivyo hivyo. Zipo, kama CEP135, zinazohusu kile kitovu cha mirija ambacho mbegu humletea yai ili liweze kugawanyika, na hapo sindano pekee inaweza isitoshe. Kwa hiyo kujua jeni ipi kunambadilishia mtu safari yote.

Gharama ni mamilioni ya shilingi. Hilo siwezi kulipamba. Wapo watakaosoma hapa na kujua tu kwamba njia ipo na hawawezi kuifikia, na naumia ninapoliandika. Lakini fedha zile za alkasusu, mganga na vumbi la Kongo, na zile za mke kupigwa picha za mirija ya uzazi na kuchunguzwa tena na tena wakati mume hajawahi kuleta kikopo hata kimoja, zingekuwa zimewasogeza mahali. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita duniani hukumbana na tatizo la kutopata mtoto katika maisha yake, na upande wa mwanamume unahusika karibu katika nusu ya ndoa zenye tatizo hilo.

Wenzangu wa maabara, nawaomba. Mkikuta mwendo ni sifuri, msiishie hapo. Fanyeni eosini, andikeni asilimia ya zilizo hai. Paka slaidi, itie rangi, utazame mikia, uandike unachokiona kwa maneno: mifupi, iliyojikunja, haipo. Ile nafasi ya "maoni" chini ya fomu haikuwekwa pale kwa urembo. Daktari akiisoma anajua pa kumpeleka mgonjwa.

Yule kaka alirudi na mkewe, ambaye ni binti wa mjomba wake. Mke alikuwa ameshazoea kuitwa tasa na mawifi. Alisikiliza maelezo yote, akaomba nirudie sehemu ya nakala mbili, kisha akauliza swali ambalo mumewe hakuwa amelifikia.

"Tukimpata mtoto wa kiume kwa hiyo sindano, naye atakuwa hivi?"

Nikamjibu kwamba kama kweli ni jeni ya namna hii, mumewe atampa kila mtoto nakala moja mbovu, hilo halikwepeki, kwa kuwa hana nyingine. Mengine yanategemea yeye mke. Akiwa na nakala mbili nzima, watoto watabeba moja mbovu na moja nzima, na mtoto wa kiume mkia wa mbegu zake utajengeka. Lakini yeye ni wa ukoo huohuo. Akiwa amebeba hitilafu ileile, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kupata mbovu mbili, na mtoto wa kiume akizipata atapitia njia ya baba yake. Hapa kwetu mezani hatuna kipimo cha jeni. Damu hupelekwa nje kupitia kliniki kubwa, na majibu huchukua muda.

"Basi tupimwe wote wawili kabla," alisema mke. "Na shemeji mkubwa pia."

Barua ya rufaa waliondoka nayo siku ileile, nimeambatanisha slaidi mbili na asilimia ya zilizo hai. Kaka mkubwa alikuja wiki iliyofuata, na kikopo chake kwapani.